Hesabu ya Takataka: Tusinunue Hisa kwa Ajili ya Nafuu ya Kodi

Ndugu wanachama,

Naomba nafasi katika karatasi yetu hii niseme jambo moja kabla ya mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo. Katika mkutano huo tutaulizwa kama twakubali kutoa shilingi milioni 3 za akiba yetu zikanunue hisa katika kampuni inayotaka kujenga kiwanda cha kugeuza takataka hapa Nakuru. Wengi mmekwisha kuiona ile karatasi iliyoletwa na mabwana wa kampuni hiyo. Ni karatasi nzuri, ina picha za rangi, na neno linalorudiwa ndani yake kuliko mengine yote ni kodi. Nimehesabu: limeandikwa mara 14. Neno mshahara limeandikwa mara moja, na wale watu wanaookota takataka hawakutajwa hata mara moja.

Mimi si karani wa mahesabu. Shule yangu ni ya msingi, ya misheni, na kazi yangu ni ya njia ya reli. Lakini walimu wetu walitufundisha kujumlisha na kutoa, tena walitusomea habari ya yule mtu aliyetaka kujenga mnara, kwamba yampasa kwanza aketi ahesabu gharama. Basi nimeketi nikahesabu, na hesabu yangu naiweka mbele yenu. Nikikosea, mnisahihishe mkutanoni.

Kwanza niseme wazi kwamba sipingi kazi ya takataka. Mji wetu ulikuwa na sifa ya usafi zamani, na tangu tarehe 1 Desemba 2021 umeitwa jiji. Lakini jiji lina jaa la Gioto, na anayetaka kujua hali yetu na apande huko siku moja. Mimi nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilikuta wanawake na watoto wakichambua chupa, vyuma na karatasi kwa mikono mitupu, moshi ukipanda nyuma yao, na mvua ikinyesha maji machafu hutelemka upande wa mji. Na majaa ya namna hii huua. Mwezi wa Machi 2017 jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomoka likafunika nyumba na watu waliolala. Wenzetu zaidi ya 30 walikufa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba ninapendelea uchafu. Swali langu ni hili tu: fedha ya mfanya kazi iingie kwa mlango gani, na itoke vipi?

Sasa tuitazame kodi yenyewe. Karatasi yasema kampuni itafurahia nafuu ya kodi, kwa hiyo gawio litakuwa nono. Ni kweli kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka kwamba kampuni yenye kiwanda cha kurejeleza plastiki itozwe kodi ya asilimia 15 ya faida kwa miaka 5 ya kwanza tangu ianze kazi, hali kampuni za kawaida hutozwa asilimia 30. Mtu akisikia kwamba kodi imekatwa nusu, moyo wake huruka. Lakini sikilizeni maneno mawili ndani ya sheria ile. La kwanza ni plastiki. Haikusema maganda ya ndizi wala mabaki ya kabichi ya soko la Wakulima, na katika miji yetu zaidi ya nusu ya takataka ni vitu vya kuoza. La pili ni faida. Asiyepata faida hana kodi ya kulipa, na asiye na kodi ya kulipa hawezi kupunguziwa kitu. Nafuu ya kodi ni mwavuli. Humfaa mtu aliyeko njiani mvua inaponyesha, lakini haumpeleki aendako.

Nitatoa mfano kwa tarakimu nilizozipanga mwenyewe ili zieleweke. Tuseme kiwanda chahitaji shilingi milioni 20. Milioni 6 zimetoka kwa wenye hisa, nazo milioni 3 zetu zimo, na milioni 14 ni mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 16. Tuseme kiwanda chafanya kazi vizuri, na baada ya kulipa mishahara, mafuta, umeme na wauzaji wa takataka kinabakiwa na shilingi 4,240,000 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni shilingi 2,240,000. Faida inabaki milioni 2. Kwa asilimia 30 kodi yake ni shilingi 600,000. Kwa asilimia 15 ni shilingi 300,000. Basi ile nafuu inayosifiwa mara 14 ni shilingi 300,000 kwa mwaka, na riba peke yake ni zaidi ya mara 7 ya nafuu hiyo.

Tena mashine ikiharibika ikasimama mwezi mmoja tu, kampuni hupoteza zaidi ya shilingi 350,000 za mapato yake, na hiyo yapita nafuu ya kodi ya mwaka mzima. Sisi watu wa reli hatuhitaji kuelezwa maana ya injini kusimama mwezi mmoja kwa kungoja kipuri kutoka ng'ambo.

Bado hatujamaliza. Mkopo una riba, tena una mtaji wake wa kurudishwa. Milioni 14 zikilipwa kwa miaka 7 ni milioni 2 kila mwaka. Ile faida ya milioni 2 imekwenda yote. Hata serikali ikisema isitoze senti moja, mwaka ule hakuna gawio. Wenye hisa watangoja, na benki haitangoja. Huo ndio utaratibu wa fedha katika kampuni yo yote: mwenye mkopo hula kwanza, mtoza kodi hula wa pili, na mwenye hisa hula makombo yakibaki. Kampuni ikifa, benki itachukua mashine, na sisi tutachukua ile karatasi yenye picha.

Kuna nafuu nyingine waliyoitaja, nayo ni ile ya kupunguza bei ya mashine katika hesabu ya kodi. Sheria ya kodi ilivyopangwa upya mwaka 2020 iliruhusu mwenye kiwanda akate nusu ya bei ya mashine zake katika mwaka wa kwanza wa kuzitumia, na sehemu iliyobaki aikate kidogo kidogo. Ni jambo zuri kwa kiwanda. Lakini angalieni linavyogongana na lile la kwanza. Katika mfano wetu, kama ile milioni 20 yote ni mashine, nusu yake ni milioni 10. Ukitoa milioni 10 katika faida ya milioni 2, hakuna faida ya kutozwa kodi, na hesabu inayobaki hupelekwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo miaka ya mwanzo kampuni haina kodi ya kulipa hata kwa kiwango cha kawaida, na wakati huo huo ile saa ya miaka 5 ya asilimia 15 inakwenda. Itakapofika siku ya kulipa kodi, nafuu imekwisha muda wake. Nafuu mbili zimekanyagana, na karatasi yao imezijumlisha kana kwamba zote mbili zitaingia mfukoni.

Tena sheria za kodi hazijengwi kwa mawe. Kila mwaka twasomewa bajeti, na kila mwaka kitu hubadilika. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuwa na ushuru mpya wa mazingira juu ya vifungashio na vyombo vya umeme, na wapo waliokwisha kupanga biashara zao za takataka juu ya ushuru ule. Vijana waliingia barabarani, na tarehe 26 Juni 2024 Rais alisema hatautia sahihi, ukaondolewa. Sizungumzi hapa kama ushuru ule ulikuwa mwema au mbaya kwa mwenye kununua sabuni. Nasema kwamba kampuni isiyoweza kuishi bila ahadi ya Hazina si mahali pa kuweka akiba ya karo na ya uzee.

Basi kiwanda cha takataka hupata fedha wapi? Kwa kadiri nilivyoona, kuna mifuko mitatu tu. Mfuko wa kwanza ni wa yule anayelipa ili takataka ziondolewe kwake: mwenye nyumba, mwenye duka, soko, au Serikali ya Kaunti. Mfuko wa pili ni wa yule anayenunua kilichotengenezwa. Mfuko wa tatu ni wa mfadhili anayetoa ruzuku. Mtu akija kwetu na kampuni ya takataka, tumwulize habari za mifuko hii kabla ya kumwuliza habari za kodi.

Mifano ipo karibu nasi. Kampuni ya maji ya Nakuru, NAWASSCO, ilianzisha kampuni ndogo iitwayo NAWASSCOAL. Huchukua uchafu wa vyoo, huukausha na kuuchoma, huuchanganya na vumbi la mbao na molasi, na kufinyanga makaa ya mviringo ya kupikia. Huko Naivasha kampuni iitwayo Sanivation nayo ilianza kazi ya kufanya kuni na makaa kwa uchafu wa vyoo, ikishirikiana na kampuni ya maji ya mji. Ni kazi za kusifiwa, hasa tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti Februari 2018 na bei ya makaa ya miti ikapanda. Lakini kumbukeni kwamba NAWASSCOAL ilisaidiwa mwanzoni kwa fedha za Umoja wa Ulaya na wafadhili wengine. Fedha ya ruzuku hairudishwi wala haina riba. Kwa hiyo mtu asituonyeshe makaa ya NAWASSCOAL akatuambia: tazameni, hata sisi tutafanikiwa hivyo kwa mkopo wa asilimia 16. Aliyepewa ng'ombe na aliyekopa ng'ombe hawauzi maziwa kwa hesabu moja.

Tukija kwa mfuko wa mnunuzi, plastiki iliyorejelezwa hushindana na plastiki mpya, na plastiki mpya hutoka katika mafuta ya petroli. Bei ya mafuta ikianguka duniani, kama ilivyoanguka mwaka 2020, plastiki mpya huwa rahisi na mwenye kiwanda hukimbilia hiyo. Anayeumia kwanza si mkurugenzi. Ni yule mama wa Gioto, kwa maana mnunuzi mwenye lori humwambia tu kwamba bei ya kilo imeshuka, naye hana pa kwenda kushitaki. Na mbolea ya mboji ina shida yake: ni nzito, hulipiwa gari sana, na mkulima wa Njoro au Molo hununua msimu wa kupanda tu, hali kiwanda hulipa mishahara miezi 12.

Mfuko wa kwanza, wa anayelipia kuondolewa takataka, ndio ulio imara zaidi, lakini huo una mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa takataka na kutunza majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka takataka zitengwe, za kuoza mbali na zisizooza. Sheria hiyo ikifuatwa, kiwanda kitapata mali safi. Isipofuatwa, kiwanda kitapokea chupa zilizochanganyika na nepi na majivu, na nusu ya gharama itakwenda katika kuchambua. Je, kampuni hii ina mkataba wa maandishi na kaunti? Ni wa miaka mingapi? Nimeisoma karatasi yote, na nilichokiona ni maneno kwamba mazungumzo yanaendelea. Ndugu zangu, mazungumzo si mkataba. Behewa halisogei kwa mazungumzo.

Hapa sisi wa reli tuna somo la nyumbani kwetu. Novemba 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Palikuwa na mabenki makubwa ya dunia, wanasheria, na vitabu vya mahesabu kwa miaka yote 25. Mwaka 2017 mkataba ule ulivunjwa upande wa Kenya, na shirika likaichukua tena njia yake. Wazee wetu waliopita katika mabadiliko yale wangali hai. Waulizeni mfanya kazi aliingia ukurasa wa ngapi katika vitabu vile. Sisemi kampuni ya takataka ni sawa na reli. Nasema majina makubwa na miaka mingi katika karatasi si dhamana.

Najua jibu la wenzangu wengine, maana tumebishana sana kantini. Wasema: tukikataa, matajiri watanunua hisa zote, na baada ya miaka 10 tutalia kwamba wafanya kazi waliachwa nyuma. Neno hilo lina ukweli, na silidharau. Fedha iliyolala benki huliwa na kupanda kwa bei, na mtu asiyethubutu hapati kitu. Lakini kununua hisa chache katika kampuni ambayo hatuna mtu katika bodi yake si kushika usukani. Ni kupanda gari usilojua liendako kwa sababu tu nauli imepunguzwa.

Tena chama cha akiba si mfuko wa mtu mmoja. Katika milioni zile 3 mna fedha ya mwenzetu anayengoja karo ya mtoto Januari, na ya mzee atakayestaafu mwaka huu akahitaji fedha yake yote siku ile ile. Sheria ya vyama vya akiba na mikopo ya mwaka 2008 na kanuni zake zimeweka mipaka ya kutumia amana za wanachama katika mambo yasiyo mikopo yao. Halmashauri yetu ituonyeshe kwanza kwamba mpaka huo haukuvukwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi natoa mashauri yangu, nayo ni haya.

Kwanza, mkutano usipige kura ya kununua hisa mpaka kampuni ilete mkataba wake na kaunti, barua ya mnunuzi wa bidhaa zake yenye bei na muda, na masharti ya mkopo wa benki. Mambo hayo matatu yakikosekana, hakuna cha kupigia kura.

Pili, mweka hazina wetu afanye hesabu kana kwamba hakuna nafuu yo yote ya kodi. Ikiwa biashara yaweza kusimama kwa kodi ya kawaida, basi nafuu ikija itakuwa kitoweo. Ikiwa yasimama kwa nafuu tu, tuiache.

Tatu, kama twataka kuingia katika kazi hii, tuanze na watu walioko tayari. Hapa Nakuru vikundi vya wazoa taka na watengeneza mboji wamekwisha kujiunga katika ushirika wa NAWACOM. Vipo pia vikundi vyenye maeneo yao ya kuzoa, ambavyo nyumba huvilipa kila mwezi. Watu hawa hawahitaji milioni 20. Wahitaji mkokoteni, glavu, mizani ya kweli, banda la kuchambulia lisilovuja, na mashine ya kubana chupa ili lori lisibebe hewa. Wakijiunga katika chama chetu kama wanachama, kwa utaratibu wa sheria, waweza kukopeshwa kiasi kidogo kwa muda mfupi, dhamana yao ikiwa akiba yao na mapato ya kila mwezi. Mkopo kama huo ukipotea hautatuua, na ukirudi, tumejifunza kazi. Baada ya miaka 2 au 3 tutajua bei ya plastiki kwa macho yetu wenyewe, na bwana mwenye karatasi ya rangi hatatudanganya.

Nne, po pote fedha yetu itakapoingia, iandikwe katika mkataba kwamba wachambuzi wa takataka watalipwa kwa mizani iliyokaguliwa, watapewa glavu na viatu, na wataruhusiwa kuingia katika chama cha wafanya kazi. Itakuwa aibu kubwa kwa sisi tulioungana kudai haki zetu kwa mwajiri, halafu tugeuke wenye hisa wa kampuni inayomlipa mama wa Gioto senti kwa kilo.

Ndugu wanachama, najua wengine wataniita mwoga. Nakubali, katika fedha za watu mimi ni mwoga. Mtu wa reli humwogopa yule anayesema njia iko wazi bila kwenda kuitazama. Njooni mkutanoni wote, wa zamu ya usiku na wa mchana. Njooni na kalamu. Mabwana wale wakisimama kutuambia habari za kodi, tuwaombe waketi kidogo watuambie kwanza nani ananunua, nani analipa, na nani atabeba mzigo siku mashine itakaposimama.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli, Nakuru